Kati ya Nyeupe na Kijivu: Mwongozo Kamili wa Kuzitaja Rangi za Weupe Uliofifia

Anayemwagiza fundi apake ukuta, anayemtuma mtu dukani akanunue kitambaa, na anayeandika maelezo ya ndege, ya jiwe au ya dalili za mgonjwa, wote hukutana na eneo moja gumu la rangi, nalo ni lile lililo kati ya nyeupe na kijivu. Kiswahili kina sifa ya weupe inayofuata ngeli, na kina kijivu, neno lililotokana na jivu. Baina ya hayo mawili hakuna neno moja linalotawala, na hapo ndipo mtu anaposema «nyeupe» akamaanisha chokaa kuukuu, huku anayesikiliza akifikiria shuka mpya iliyotoka dukani.

Ninavyoona mimi, pengo hilo halihitaji maneno mapya. Rangi hizi hutajwa vyema zaidi kwa kutaja kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wamekiona, pamoja na hali ya kitu hicho: kikavu au kimelowa, kipya au kikuukuu, kizito au chepesi. Mkaazi wa Mombasa amezungukwa na vitu vya namna hiyo, kuanzia kuta za Mji wa Kale hadi kwenye bakuli la tui jikoni. Hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kuvitumia.

Hatua ya kwanza: amua msingi

Kabla ya kutafuta jina, amua kama unachokitazama ni kitu cheupe kilichoingiwa na kijivu au ni kitu cha kijivu kilichopata weupe. Usiamue kwa kumbukumbu. Chukua karatasi mpya isiyoandikwa au kipande cha pamba safi, ukiweke kando ya kitu chenyewe mahali penye kivuli cha mchana, kisha utazame vyote viwili kwa pamoja. Jicho likiona kitu peke yake hukizoea upesi na kukihesabu kuwa cheupe. Likikiona kando ya kitu cheupe pe, tofauti hujitokeza yenyewe.

Kunguru ni mfano mzuri wa umuhimu wa uamuzi huu. Kunguru wa Bara Hindi, aliyejaa Mombasa mpaka kwenye majaa na mapaa, ana shingo ya kijivu, ilhali kunguru wa asili ya Afrika ana shingo na kifua cheupe kabisa. Wote wawili ni weusi mahali pengine, na mwandishi akiandika tu kwamba yule wa Bara Hindi «ana shingo nyeupe», msomaji atamfikiria ndege mwingine kabisa. Katika maelezo ya ndege, msingi ukikosewa, hata hatua nyingine zote zikifuatwa vizuri hazitasaidia.

Hatua ya pili: tafuta mwelekeo

Rangi chache sana za kundi hili ni nyeupe na nyeusi zilizochanganywa bila kitu kingine. Nyingi huelekea upande fulani: upande wa manjano au hudhurungi, zikawa na joto, au upande wa samawati, zikawa baridi. Mwelekeo huu ndio unaofanya kuta mbili za kijivu hafifu zigombane machoni zikikaa pamoja, hata kama fundi ameapa kwamba rangi ni ile ile.

Anayetaka kulifunza jicho lake asiende mbali. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa kwa maji kidogo, tui la kwanza, ambalo wapishi wa Pwani huliita kasimile, huwa zito na jeupe la kushiba, kwa kuwa limejaa mafuta. Chicha ikitiwa maji tena na kukamuliwa mara ya pili, tui huwa jepesi; bado utaliita jeupe, ila weupe wake umepungua, na ukilitazama kwenye bakuli unaona ukingo wake, pale lilipo jembamba, una ukijivu unaoelekea samawati. Kamua mara ya tatu na utapata maji yenye weupe wa ukungu tu. Weka bakuli tatu zilizofanana kwa mstari, na utakuwa umepata ngazi tatu za weupe kutoka nazi moja. Sioni njia rahisi zaidi ya kumweleza mtu tofauti ya «nyeupe», «nyeupe iliyopungua» na «nyeupe inayoelekea kijivu», na mpishi yeyote wa Pwani ataelewa ukimwambia kwamba unataka weupe wa tui la pili.

Hatua ya tatu: angalia mng'ao

Mng'ao si rangi, lakini msikilizaji asipoambiwa kuhusu mng'ao atapata picha isiyo sahihi. Majivu na chokaa havina mng'ao wowote. Hupokea mwanga na kuutawanya. Lulu na sehemu ya ndani ya ganda la chaza hung'aa kwa sababu zimejengwa kwa matabaka membamba mno yanayourudisha mwanga kwa pamoja, na ndiyo maana lulu huonekana kama ina rangi ya pili chini ya ile ya juu. Bati jipya na alumini hung'aa kwa namna ya madini, na hapo neno linalofaa ni rangi ya fedha, si kijivu. Kwa hiyo rangi ya lulu ni weupe wa kijivu wenye mng'ao laini, rangi ya fedha ni kijivu chenye mng'ao mkali, na rangi ya jivu ni kijivu kisicho na mng'ao. Mshonaji akiambiwa «rangi ya jivu» naye akaleta kitambaa cha kumetameta, mteja ana haki ya kumrudishia.

Hatua ya nne: chagua kitu cha kulinganishia

Hii ndiyo hatua yenye mali nyingi, na inafaa isipitiwe haraka.

Anza na jiwe la matumbawe, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa nalo. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukikaribia ukuta wowote wa zamani ambao lipu yake imebanduka, utaona kwamba jiwe hilo halina rangi moja. Mahali palipovunjika karibuni ni peupe penye umanjano hafifu, kama krimu. Ndani ya vitundu vyake kuna vipande vya makombe vilivyo vyeupe zaidi. Na juu, palipopigwa na mvua kwa miaka, pamefanya utando wa kijivu unaokaribia weusi. Kwa hiyo «rangi ya matumbawe» peke yake haitoshi. Sema «rangi ya jiwe la matumbawe lililochongwa karibuni» au «la matumbawe lililopigwa na mvua», na utakuwa umetaja rangi mbili zilizo mbali sana.

Chokaa hutoka katika matumbawe hayo hayo. Kwa desturi ya Pwani, mawe hupangwa juu ya tanuri la magogo na kuchomwa, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa. Chokaa safi ni nyeupe pe. Inapochanganywa na mchanga ili kupiga lipu hupungua weupe na kuwa na rangi ya krimu au kijivu hafifu kulingana na mchanga uliotumika. Jambo la kukumbuka ni kwamba chokaa ya kupakwa, ikiwa bado imelowa, huonekana kama maji ya kijivu yanayoonyesha ukuta ulio nyuma yake. Weupe wake huja inapokauka na kuvuta hewa ya kaboni kutoka nje. Wengi hudhani fundi amewapunja wanapoiona siku ya kwanza. Rangi ya chokaa itajwe, na ihukumiwe, ikiwa kavu.

Saruji, ambayo mafundi wengi wa Mombasa huiita simiti, ni ya kijivu cha baridi. Ukijivu huo hutokana hasa na madini ya chuma yaliyomo katika malighafi, na ndiyo sababu simiti nyeupe hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana. Kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 kikichimba chokaa ya matumbawe ya kale, kwa hiyo jiwe lile lile la pwani limetupa chokaa nyeupe kwa njia moja na simiti ya kijivu kwa njia nyingine. Mtu akikutajia «rangi ya simiti», muulize kama ni ya unga mkavu, ambao ni hafifu, au ya sakafu iliyopigwa niru, yaani simiti laini ya juu, na kulainishwa, ambayo imekolea zaidi.

Kwa vitambaa, kielelezo bora kuliko vyote ni merikani. Ni kitambaa cha pamba kilichofumwa na kuachwa bila kung'arishwa kwa dawa, chenye weupe wa kijivu ulioingiwa na umanjano kidogo sana, na ndani yake huonekana vijipunje vyeusi vya maganda ya mbegu za pamba. Jina lake limetokana na Marekani, kwa kuwa katika karne ya 19 kililetwa Zanzibar kwa wingi na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa kibiashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Merikani ikifuliwa na kuanikwa juani mara nyingi huwa nyeupe zaidi, kwa hiyo «rangi ya merikani» ichukuliwe kuwa ni ya ile mpya isiyofuliwa. Nyuzi za katani, kama zinavyoanikwa katika mashamba ya Vipingo upande wa Kilifi, ziko karibu na rangi hiyo lakini zina umanjano zaidi na mng'ao kidogo.

Kwa kijivu kilicho hafifu kabisa, lipo jivu lenyewe, ila liangaliwe limetoka wapi. Jivu la kuni zilizoungua mpaka mwisho ni jeupe kuliko watu wanavyodhani. Likiwa na mabaki ya mkaa ndani yake ndipo huwa la kijivu kilichokolea. Unapotaka rangi hafifu, sema «jivu jeupe» au «jivu lililoungua likaisha». Kijivu cha kati, chenye ulaini, ni gamba la mbuyu. Mibuyu ya Mama Ngina, kwenye ufuo wa kisiwa cha Mombasa, imo machoni mwa kila mkaazi wa kisiwa, na ukisogea karibu utaona kwamba gamba lake ni la kijivu chenye wekundu wa mbali sana na mng'ao mdogo, hasa kwenye mikunjo iliyoguswaguswa na watu. Usichanganye gamba la mbuyu na unga wa ndani ya buyu: ule usiotiwa rangi wala sukari ni weupe wa krimu, na una mahali pake kwenye orodha ya rangi za joto.

Makuti na boriti za mikoko hutupa rangi nyingine. Zinapokuwa mpya zina uhudhurungi, kisha jua huvunja ile sehemu ya mti inayoshikilia rangi na mvua huiosha, zikabaki na kijivu kinachokaribia rangi ya fedha kavu. Mtu anayeeleza paa la zamani hana haja ya maneno mengi: «kijivu cha makuti makuukuu» kinatosha kwa yeyote aliyekulia Pwani.

Tahadhari moja kuhusu pembe. Rangi ya pembe ya ndovu ni weupe wenye umanjano, wala haina ukijivu. Yale mapembe makubwa yaliyokingama juu ya barabara ya Moi yametengenezwa kwa alumini, kwa hiyo yasichukuliwe kuwa kielelezo cha rangi hiyo.

Hatua ya tano: eleza kilichosababisha ufifi

Kitu kilichozaliwa na weupe wa kijivu ni tofauti na kilichofikia hapo kwa kupoteza rangi, na Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha mambo haya vizuri kuliko sifa yoyote. Nguo iliyotoa rangi majini imechuja. Nguo iliyoachwa juani siku nyingi imepauka. Chombo cha fedha au kioo kilichopoteza mng'ao kimefubaa. Kitu kilichopoteza rangi na uzuri wake kwa pamoja kimekwajuka. Ukuta wenye madoa ya kijivu kwa sababu ya unyevu umeingia ukungu, na hapo hapana haja ya kutafuta jina la rangi, kwa maana kinachohitajika ni kuukausha na kuusafisha.

Kupauka hutumika pia kwa ngozi. Ngozi kavu isiyopakwa mafuta, hasa magotini na viwikoni, huwa na weupe wa kijivu juu yake, na husemwa imepauka. Usimwite mtu huyo mweupe, kwa sababu mtu mweupe ni mwenye ngozi nyangavu kwa maumbile. Vivyo hivyo, kwa nywele usiseme za kijivu. Sema mtu ana mvi au kichwa kimeingia mvi. Ukitazama mvi moja moja utaona kwamba unywele wenyewe mara nyingi ni mweupe, na ukijivu unaouona kwa mbali ni mchanganyiko wa nywele nyeupe na nyeusi.

Katika mambo ya afya, mlinganisho wa kupendeza uwekwe kando na dalili itajwe waziwazi. Mtoto wa jicho huonekana kama utando mweupe au wa kijivu nyuma ya mboni ya mtu mzima. Mboni ya mtoto mdogo ikionekana nyeupe, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Choo chenye rangi hafifu ya udongo mweupe kinaweza kuwa ishara kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Daktari akiambiwa tu «rangi si ya kawaida» hajapewa kitu.

Hatua ya sita: panga sarufi

Nyeupe hufuata ngeli: ukuta mweupe, kuta nyeupe, jiwe jeupe, mawe meupe, kitambaa cheupe, mahali peupe. Kijivu hakibadiliki, bali hutanguliwa na kihusishi kinachofuata ngeli: ukuta wa kijivu, kitambaa cha kijivu, mawe ya kijivu. Majina yaliyotokana na vitu hufuata njia hiyo hiyo: ukuta wa rangi ya chokaa, shela ya rangi ya lulu.

Unapounganisha, weka msingi kwanza na mwelekeo baadaye: «kitambaa cheupe kinachoelekea kijivu» ni tofauti na «kitambaa cha kijivu kinachoelekea weupe», na tofauti hiyo ndiyo uliyoiamua katika hatua ya kwanza. Kurudufu hupunguza ukali: kijivujivu ni kilicho karibu na kijivu bila kufika. Sipendekezi kurundika maneno matatu ya rangi kwa mfululizo. Baada ya mawili, msomaji huacha kuona chochote, na kitu kimoja kilichotajwa vizuri humfaa zaidi.

Hatua ya saba: hakiki kabla ya kulipa

Jina likishapatikana, lijaribiwe. Kwa ukuta, mwambie fundi aanze na rangi nyeupe ya maji kisha aongeze nyeusi kidogo kidogo, akikoroga kila mara. Asianze na nyeusi, kwa sababu nyeusi kidogo hubadilisha nyeupe nyingi, na atakayekosea upande huo atamaliza makopo ya nyeupe akijaribu kurudi. Ukitaka joto la merikani, aongeze tone la manjano ya udongo au hudhurungi. Ukitaka baridi ya tui la pili, tone la buluu. Apake kipande cha ukuta chenye upana wa mikono miwili, kwa tabaka mbili za rangi, na kiachwe mpaka kikauke kabisa.

Kisha kitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la mchana ni kali kiasi cha kuufanya weupe wa kijivu uonekane mweupe kabisa. Siku za mawingu ya masika, rangi ile ile huonekana imekolea. Katika vichochoro vya Mji wa Kale kuna jambo la ziada, nalo ni kwamba mwanga hufika ukutani baada ya kugonga ukuta wa jirani. Jirani akiwa amepaka manjano, weupe wako utaota umanjano bila fundi kukosea, na hapo inafaa rangi iongezwe ubaridi kidogo. Kitambaa nacho kitolewe nje ya duka, kwa kuwa taa za dukani hufanya vitambaa viwili tofauti vifanane.

Rangi ikikubaliwa, hifadhi kidogo ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pake nyingine kwenye kipande cha ubao, na nyuma ya ubao huo uandike kiasi cha kila kilichotiwa na tarehe. Ukimwita fundi mwingine kurekebisha sehemu iliyobanduka, mpe ubao huo pamoja na jina ulilolichagua.